Jina la Bakalao: Asili na Maana Yake Katika Lugha za Ureno na Hispania

Utangulizi

Mhubiri anapokutana na neno gumu katika Maandiko, mara nyingi hukimbilia asili yake. Hufungua kamusi ya Kiyunani au ya Kiebrania, hutafuta mzizi wa neno, kisha huwaambia wasikilizaji kwamba hiyo ndiyo maana yake halisi. Desturi hii imeenea katika mahubiri yetu na katika insha za wanafunzi wa theolojia. Hatari yake si rahisi kuonekana tunapokuwa ndani ya Biblia yenyewe, kwa sababu kila maelezo yanayojenga imani huonekana kuwa mema. Kwa hiyo katika makala hii tumechagua kulichunguza neno moja lililo nje ya Maandiko, yaani jina la samaki, ili tuone kwa utulivu jinsi asili ya neno inavyotafutwa, na jinsi maana yake inavyoweza kwenda mbali na asili hiyo.

Samaki tunayemkusudia ni yule ambaye wataalamu wa viumbe humwita Gadus morhua. Huishi katika maji baridi ya Atlantiki ya Kaskazini, toka pwani ya Norwei mpaka Newfoundland huko Kanada. Hatutamwita chewa, kwa kuwa chewa wa pwani yetu ni samaki mwingine, wa miamba ya bahari yenye joto. Kwa urahisi tutamwita bakalao, kwa kufuata jina ambalo ndilo hasa tunalolichunguza.

Majina katika lugha tano

Katika Kireno samaki huyu huitwa bacalhau, katika Kihispania bacalao, katika Kigalisia bacallau, katika Kikatalani bacallà, na katika Kibaski bakailao. Kireno, Kihispania, Kigalisia na Kikatalani ni mabinti wa Kilatini, kwa hiyo si ajabu wakifanana. Lakini Kibaski si binti wa Kilatini, wala hakina ndugu anayejulikana miongoni mwa lugha za ulimwengu. Maneno yake ya asili hayafanani kabisa na ya jirani zake. Jina moja likionekana katika lugha zisizo na udugu, yatupasa kushuku kwamba halikurithiwa kutoka kwa mama mmoja, bali limesafiri pamoja na bidhaa.

Shaka hiyo huthibitishwa na tabia ya samaki mwenyewe. Bakalao si samaki wa maji ya Ureno na Hispania. Wenyeji wa pwani zile wana dagaa na samaki wengi wa kwao, lakini bakalao aliwafikia kwa meli, akiwa tayari amepasuliwa, ametiwa chumvi na kukaushwa, mfano wa ng'onda wa pwani yetu au kayabo wa Ziwa Viktoria. Aliweza kusafirishwa hivyo kwa sababu nyama yake ina mafuta machache sana, kwa kuwa mafuta yake hukusanyika katika ini. Nyama ya namna hiyo ikishakaushwa vema hukaa miezi mingi bila kuharibika. Basi kwa Mreno au Mhispania wa zamani jina hili halikumkumbusha kiumbe aogeleaye baharini, bali kipande kikavu cha samaki, kigumu kama ubao, kilichotundikwa dukani.

Hata hivyo bacalao halikuwa jina pekee. Mwaka 1605 mwandishi Miguel de Cervantes alitoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake juu ya Don Quijote. Katika sura ya pili shujaa huyo anafika katika nyumba ya wageni siku ya Ijumaa, na kwa kuwa Ijumaa watu hawakula nyama, hapakuwa na chakula ila samaki. Hapo mwandishi anaorodhesha majina manne ya samaki yule: Kastilia aliitwa abadejo, Andalusia bacallao, na kwingineko curadillo au truchuela. Jina curadillo hutokana na kitenzi chenye maana ya kuhifadhi kwa chumvi na kukausha. Truchuela kwa umbo lake ni samaki mdogo wa jamii ya trucha, samaki wa mito ambaye watu wa Hispania walimpenda. Don Quijote anaposikia jina hilo anaamini kwamba ataletewa trucha. Analetewa bakalao aliyeloanishwa vibaya na kupikwa vibaya zaidi, naye anamla kwa furaha akidhani ni trucha. Cervantes alikusudia kuchekesha, lakini kosa la shujaa wake ni kosa la kweli katika ufasiri: aliamini umbo la neno kuliko kitu kilichokuwa sahanini.

Jina abadejo lina mvuto wa pekee kwa watumishi wa Kanisa, maana limejengwa juu ya neno abad, yaani abati, mkuu wa nyumba ya watawa. Kwa umbo lake abadejo ni "abati mdogo". Samaki mwingine mdogo wa jamii hiyo hiyo huitwa kwa Kihispania capellán, yaani kasisi wa kikanisa kidogo. Huenda mtu akajenga juu ya majina haya hotuba nzima kuhusu utawa na toba. Lakini leo katika sehemu kubwa ya Hispania abadejo ni jina la samaki mwingine wa jamii ile, katika Valencia ni bakalao wa chumvi, na katika Argentina ni samaki asiye na udugu naye kabisa. Mama aendaye sokoni Valencia kununua abadejo hamfikirii abati hata kidogo.

Maelezo matatu juu ya asili ya jina

Sasa tulitazame jina kuu lenyewe. Maelezo juu ya asili ya bacalao ni mengi, lakini matatu ndiyo yanayostahili kupimwa.

Maelezo ya kwanza husema kwamba jina lilitoka kwa wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Pietro Martire d'Anghiera, Mwitalia aliyetumikia katika jumba la kifalme la Hispania, alitoa mwaka 1516 habari za safari za Sebastian Cabot, akaandika kwamba Cabot aliziita nchi zile Baccalaos kwa sababu wenyeji walitumia jina hilo kwa samaki wakubwa waliojaa katika bahari yao. Ni kweli kwamba jina hili liliandikwa juu ya ramani za karne ya kumi na sita, na hata leo karibu na Newfoundland kiko kisiwa kiitwacho Baccalieu. Lakini ushahidi wa jina kuwapo Amerika baada ya Wazungu kufika si ushahidi kwamba lilianzia huko. Wavuvi wa Ulaya waliokuwa wakifanya biashara na wenyeji wangeweza kuwafundisha neno lao, kama vile mabaharia Wareno walivyotuachia sisi "meza" na "bendera".

Maelezo ya pili hulitoa jina katika neno la Kilatini baculum, yaani fimbo. Wanaoshika maelezo haya hutaja ugumu wa samaki mkavu na desturi ya kumkausha juu ya miti. Tena huongeza kwamba Waholanzi huita samaki wa namna hiyo stokvis, yaani samaki wa fimbo. Maelezo haya hupendeza, na mhubiri angeyapenda zaidi akijua kwamba katika Kihispania na Kireno neno báculo ni fimbo ya askofu. Lakini udhaifu wake ni kwamba hayaelezi mwisho wa neno. Fimbo haigeuki kuwa bacalao au bacalhau kwa njia yoyote ya kawaida ambayo Kilatini kilifuata kilipozaa lugha hizi. Mfano wa stokvis nao huonyesha tu kwamba jina la namna hiyo lawezekana, wala hauthibitishi kwamba ndilo lililotokea.

Maelezo ya tatu hulihusisha jina na neno la Kiholanzi kabeljauw, ambalo ndilo jina la samaki huyu katika nchi za kaskazini. Katika hati ya Kilatini ya mwaka 1163 kutoka Flandria tayari limo neno cabellauwus. Tukiyaweka majina kabeljauw na bakailao pamoja, twaona sauti zile zile: k, b na l upande mmoja, na b, k na l upande wa pili. Sauti mbili za kwanza zimebadilishana nafasi. Mabadiliko ya namna hii si kitu kigeni. Watoto wa pwani yetu hulifanya kwa makusudi katika mchezo wa kinyume, lakini lugha zenyewe hulifanya pasipo kukusudia, hasa zinapopokea au kurithi neno refu. Kihispania kina mifano ambayo mwanafunzi wa theolojia ataipenda. Kutoka katika Kilatini miraculum kilipata milagro, yaani muujiza, na kutoka katika parabola kilipata palabra, yaani neno. Katika yote mawili r na l zimebadilishana mahali.

Wanaisimu wengi huelekea maelezo haya ya tatu, na wengi wao huona kwamba Kibaski kilikuwa daraja. Wabaski walikuwa mabaharia hodari, wakiwinda nyangumi na kuvua bakalao mbali na kwao, na walifanya biashara na bandari za kaskazini. Hata hivyo wapo wataalamu ambao husita kusema ni nani hasa aliyeanza kugeuza sauti hizo, nao wana haki ya kusita.

Tuangalie njia iliyotumika katika kupima. Torati yataka neno lithibitishwe kwa mashahidi wawili au watatu, na asili ya neno pia yahitaji mashahidi. Shahidi wa kwanza ni sauti: je, mabadiliko yanayodaiwa hutokea kweli katika lugha ile? Shahidi wa pili ni tarehe: je, neno linalodaiwa kuwa mama lilikuwapo kabla ya mtoto? Shahidi wa tatu ni njia: je, walikuwapo watu waliolibeba neno kutoka huko mpaka hapa? Maelezo ya Amerika hayana shahidi wa tarehe. Maelezo ya fimbo hayana shahidi wa sauti. Maelezo ya kabeljauw yana mashahidi wote watatu, ingawa shahidi wa sauti hasemi kila kitu tunachotamani kusikia. Uzuri wa maelezo, au faida yake kwa mafundisho, haukuhesabiwa miongoni mwa mashahidi.

Maana iliyofanywa na matumizi

Tukisha kukubali kwamba jina lilitoka kaskazini, je, tumeijua maana yake? Hata kidogo. Kabeljauw halituambii lolote juu ya yale ambayo bacalhau lilimaanisha kwa watu walioketi mezani. Maana hiyo ilifanywa na historia yao.

Jambo la kwanza lililoijenga ni mfungo. Kanisa la magharibi lilikataza nyama katika Kwaresima, siku za Ijumaa, na katika mikesha ya sikukuu nyingi. Watu waishio mbali na bahari hawakuweza kupata samaki mbichi, lakini bakalao mkavu alifika juu ya migongo ya nyumbu mpaka vijiji vya ndani kabisa. Hivyo jina lake likawa karibu jina la Kwaresima yenyewe. Katika Hispania palikuwa pia na hati ya Papa iliyoitwa Bula ya Vita Vitakatifu vya Msalaba. Aliyeipokea kwa kutoa sadaka iliyopangwa alipata, pamoja na mengine, ruhusa ya kula nyama katika siku nyingi zilizokatazwa. Wasomaji wetu wanaoikumbuka habari ya mwaka 1517 hawatahitaji maelezo zaidi. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lilishughulikia jambo hili katika kifungu cha 26, likifundisha kwamba kubagua vyakula hakumpatii mtu neema wala kulipa fidia ya dhambi.

Hapa historia ina kichekesho chake. Norwei ilipokea utaratibu wa Kilutheri mwaka 1537, lakini katika karne zilizofuata Wanorwei wakawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa bakalao kwa Hispania na Ureno. Wavuvi waliofundishwa kwamba chakula hakimhesabii mtu haki walipata riziki yao kwa sababu majirani wa kusini waliendelea kushika mfungo. Wala hatuna sababu ya kuwacheka wa kusini. Katika Ureno mkesha wa Krismasi ulikuwa siku ya kujinyima nyama, na bakalao wa kuchemsha pamoja na viazi na kabichi akawa chakula cha usiku ule. Sheria ililegea, chakula kikabaki, na leo chakula kile cha kujinyima ndicho alama ya furaha ya kukutana kwa jamaa. Wareno humwita bakalao "rafiki mwaminifu", kwa kuwa hakuwaacha wakati wa uhaba.

Jambo la pili lililoijenga maana ni umaskini. Ipo methali ya Kireno isemayo kwamba kwa mtu wa hali ile, bakalao anatosha. Maana yake ni kwamba mtu duni hahitaji kutengenezewa kitu kizuri. Methali hii bado husemwa, ingawa bakalao wa siku hizi ni ghali. Wahispania nao, wakitaka kumtaja mwenye amri katika nyumba au ofisi, husema kwamba ndiye akataye bakalao. Hakuna kamusi ya asili ya maneno ambayo ingeweza kutufundisha haya. Tunayajua kwa kuwasikiliza wasemaji.

Jambo la tatu ni chungu kuliko yote. Bakalao wa daraja la chini, aliyekataliwa na wanunuzi wa Ulaya, alipelekwa katika visiwa vya Karibi awe posho ya Waafrika waliokuwa watumwa katika mashamba ya miwa. Na katika Brazili jina bacalhau lilipata maana nyingine kabisa: lilikuwa jina la mjeledi wa ngozi iliyosokotwa, ambao watumwa walipigwa nao. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria huko Brazili tarehe 13 Mei 1888, lakini kamusi za Kireno bado zinaihifadhi maana hiyo.

Tutafakari jambo hili. Neno lile lile ambalo katika nyumba ya Lisbon lilikuwa rafiki mwaminifu wa usiku wa Krismasi, katika shamba la Brazili lilikuwa jina la kitu kilichopasua mgongo wa mtu. Tukiuliza ni ipi maana halisi ya neno, jibu haliwezi kuwa kabeljauw. Wala hatuwezi kuchagua maana iliyo njema na kuiacha ile ya aibu. Neno lilimaanisha lile ambalo watu walilitumia kumaanisha, mahali pale na wakati ule, na anayetaka kulifasiri hana budi kuuliza ni nani aliyelisema, kwa nani, na juu ya nini.

Fundisho kwa mfasiri wa Maandiko

Mwaka 1961 James Barr alitoa kitabu chake juu ya maana za maneno katika lugha ya Biblia, ambamo aliwakosoa wanatheolojia waliojenga mafundisho juu ya mizizi ya maneno pasipo kuangalia matumizi yake katika sentensi. Onyo lake bado lina kazi kati yetu. Tutoe mifano michache.

Mara nyingi husemwa kwamba neno ekklesia hutoka katika maneno yenye maana ya "kuita" na "kutoka ndani", na kwa hiyo Kanisa ni watu walioitwa watoke ulimwenguni. Kwamba Mungu ameliita Kanisa lake ni kweli, na Maandiko hufundisha hivyo waziwazi mahali pengi. Lakini neno lenyewe halibebi fundisho hilo. Katika Matendo ya Mitume 19, kuanzia mstari wa 32, Luka hulitumia neno lilo hilo kwa lile kundi la watu wa Efeso lililojaa ghasia, ambalo wengi wao hawakujua hata sababu ya kukusanyika. Vivyo hivyo wapo wanaoeleza neno dunamis, yaani nguvu, kwa kutaja baruti iitwayo dainamaiti. Alfred Nobel alikipa kitu chake jina hilo mwaka 1867. Mtume Paulo hangeweza kukifikiria, na nguvu ya Injili katika Warumi 1:16 ni ya kuokoa, si ya kubomoa.

Kwetu sisi mfano ulio karibu zaidi ni neno "kanisa". Tulilipokea kutoka katika Kiarabu, nacho kililipokea kutoka katika Kiaramu, ambamo lilihusu kukusanyika. Lakini katika Kiarabu chenyewe zile konsonanti tatu za mzizi, k, n na s, zapatikana pia katika kitenzi chenye maana ya kufagia. Mhubiri hodari angeweza kutangaza kwamba kanisa ni mahali ambapo dhambi hufagiliwa, na washarika wangeitikia amina. Angekuwa amesema jambo jema juu ya msamaha, lakini angekuwa amelitegemeza juu ya mfanano wa sauti tu, kama yule shujaa wa Cervantes alivyoitegemeza shibe yake juu ya jina truchuela.

Hatusemi kwamba kujifunza asili ya maneno ni bure. Asili hutuonyesha nani alikutana na nani, nani alimfundisha mwenzake, na bidhaa gani au imani gani ilisafiri kwa njia ipi. Kwa neno lipatikanalo mara moja tu katika Agano la Kale, lugha ndugu zaweza kuwa msaada pekee tulio nao. Tunalosema ni kwamba asili ni habari ya jana ya neno. Mtu akitaka kujua neno lasema nini katika mstari fulani, lazima ausome mstari ule na jirani zake.

Hitimisho

Bahari nayo imeongeza sura mpya katika habari ya jina hili. Baada ya uvuvi uliopita kiasi, serikali ya Kanada ilifunga uvuvi wa kibiashara wa bakalao wa kaskazini katika Newfoundland mwezi Julai 1992, na makumi ya maelfu ya watu walipoteza kazi. Ulifunguliwa tena mwaka 2024 kwa kiasi kidogo cha tani 18,000. Kwa miaka 32 watu wa Ureno na Hispania waliendelea kula bakalao wa bahari nyingine, na jina halikubadilika. Lakini kwa mvuvi wa Newfoundland aliyevuta mashua yake nchi kavu, neno hilo halikuweza tena kumaanisha lile lililomaanisha kwa baba yake.

Mtumishi wa Neno hufanya kazi na maneno ya watu walioishi, walioshiba na walioumia. Akiwaheshimu watu hao, hatajiridhisha na mzizi uliopatikana haraka katika kamusi usiku wa Jumamosi. Atauliza kwanza neno lilifanya kazi gani kinywani mwao, hata kama jibu litamlazimu kuiacha hoja nzuri aliyokwisha kuiandika.